Matbaa ya Plantin na Moretus: namna kiwanda cha vitabu kilivyosalia kizima

Mashine mbili za kuchapia vitabu zilizo kongwe kuliko zote zilizobaki duniani zimo katika chumba kimoja, jijini Antwerp, Ubelgiji. Zilitengenezwa yapata mwaka 1600. Kwa macho ni mbao tupu: nguzo mbili nene, boriti juu, skrubu katikati na mkono wa kuivutia. Katika chumba hichohicho zimepangwa nyingine tano za karne ya 17 na ya 18. Nyumba hiyo leo ni Makumbusho ya Plantin-Moretus. Kwa miaka 300 kabla ya hapo ilikuwa matbaa na makazi ya familia moja, vizazi juu ya vizazi.

Kwa nini mashine hizo zimebaki ni jambo linalohitaji maelezo. Gutenberg, Mjerumani aliyeanzisha uchapaji wa vitabu Ulaya, alianza kuchapa katikati ya karne ya 15, na kabla karne hiyo haijaisha matbaa zilikuwa zimeenea Ulaya nzima, kuanzia Venice na Basel hadi Paris, Lyon na London. Mashine zilikuwa kwa mamia, na hazipo. Sababu ni kwamba kazi ya uchapaji hula vifaa vyake vyenyewe. Mbao za mashine zikilegea huishia jikoni. Herufi za risasi zikichakaa hurudishwa chunguni zikayeyushwa kutengeneza herufi mpya. Mchapaji akifilisika wadai wake hugawana vifaa, na akifa warithi wake hufanya vivyo hivyo. Hata karatasi za hesabu, zikishapitwa na wakati, hutumika kufungia bidhaa dukani. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuweka chochote.

Antwerp vimebaki vyote: mashine, mihuri ya chuma iliyotumika kuzalisha herufi, kalibu za shaba, mbao za picha, sahani za shaba za kuchapia michoro, maktaba, barua na vitabu vya hesabu, tena ndani ya vyumba vilevile vilimotumika. Mara nyingi habari hii hufupishwa hivi: familia ilithamini historia yake, ikaitunza. Naona hiyo ni nusu ya ukweli, na ni nusu ya mwishoni. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo 300 hakuna aliyekuwa akitunza historia. Kulikuwa na wosia uliokataza kugawana, kulikuwa na soko moja la uhakika, na baadaye kulikuwa na biashara iliyodumaa mikononi mwa matajiri wasiokuwa na haja ya kuiuza wala kuiboresha. Tukichukua jambo moja baada ya jingine, picha inakaa sawa.

Fundi wa ngozi anakuwa mchapaji

Mwanzilishi, Christophe Plantin, alikuwa Mfaransa aliyezaliwa yapata mwaka 1520 karibu na Tours. Alijifunza ufundi wa vitabu mjini Caen, akaoa, na karibu mwaka 1549 akahamia Antwerp. Ubelgiji na Uholanzi za leo zilikuwa chini ya ukoo wa kifalme uliotawala pia Hispania, na Antwerp ilikuwa bandari ya biashara isiyo na mpinzani kaskazini mwa Ulaya. Plantin mwenyewe alikuja kueleza kwamba aliuchagua mji huo kwa hesabu: njia za kufika ni rahisi, malighafi zinapatikana, mafundi wapo, na Chuo Kikuu cha Leuven kiko jirani.

Hakuanza na uchapaji. Alianza kwa kujalidi vitabu na kutengeneza vikasha vya ngozi vyenye nakshi za dhahabu, kazi iliyompa wateja wakubwa. Familia ilisimulia kwamba jioni moja, alipokuwa akipeleka kikasha kwa mteja wa ngazi za juu, walevi walimfananisha na mtu mwingine wakamchoma upanga. Alipona, lakini hakuweza tena kazi ya kuinama na kukaza mkono siku nzima. Mwaka 1555 akatoa kitabu chake cha kwanza, mwongozo wa kumlea binti wa tabaka la juu, katika Kiitaliano na Kifaransa.

Miaka saba baadaye nusura yote yaishe. Mwaka 1562, Plantin akiwa Paris, serikali iligundua kwamba kijitabu cha kidini kilichopigwa marufuku kilikuwa kimechapwa ndani ya karakana yake. Vifaa vyake vilipigwa mnada. Aliporudi mwaka 1563 alilazimika kuanza upya kwa fedha za wenzake, wafanyabiashara wa mjini, na wenye mtaji hao walitaka kuona hesabu. Ndipo vitabu vya hesabu vya matbaa vikaanza kuwekwa kwa mtindo wa Kiitaliano, ambapo kila muamala huandikwa mara mbili, upande wa kupokea na upande wa kutoa. Ubia ulivunjika mwaka 1567, ila mazoea hayo hayakuvunjika. Nyaraka ambazo Unesco iliziingiza mwaka 2001 katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia zina mzizi wake hapo. Wabia walidai hesabu, na Plantin, hata alipobaki peke yake, hakuacha kuziandika wala hakuzitupa.

Biblia ya lugha tano

Kazi iliyomjengea jina ilikuwa pia kazi iliyokaribia kumzamisha. Kati ya mwaka 1568 na 1573 Plantin alichapa Biblia katika majalada manane, matini zikiwa zimepangwa bega kwa bega katika Kiebrania, Kiaramu, Kisiria, Kigiriki na Kilatini. Mlezi wa kazi hiyo alikuwa Mfalme Philip II wa Hispania, aliyemtuma mwanazuoni wake, Benito Arias Montano, aje Antwerp kuisimamia. Nakala zilikuwa kama 1,200 za karatasi, na chache za ngozi kwa ajili ya mfalme.

Fikiria maana yake karakanani. Kila lugha ina seti yake ya herufi. Kiebrania, Kiaramu na Kisiria husomwa kutoka kulia, Kigiriki na Kilatini kutoka kushoto, na zote zinapaswa kukaa kwenye kurasa mbili zinazotazamana bila aya moja kuipita nyingine. Mpanga herufi hahitaji kuelewa anachopanga, lakini msahihishaji lazima ajue. Plantin alikuwa na mkwe wake, Franciscus Raphelengius, mjuzi wa lugha za Mashariki aliyemwoa binti yake wa kwanza, Margareta. Alikuwa pia na binti mdogo, Magdalena. Katika barua ya mwaka 1570 Plantin anaeleza kwamba mabinti zake walifundishwa kusoma wakiwa wadogo sana ili wasaidie kusahihisha, na kwamba Magdalena, aliyekuwa na umri wa karibu miaka 13, ndiye aliyepeleka kurasa za majaribio kwa Arias Montano na kumsomea matini za asili, Kiebrania na kadhalika, huku mwanazuoni akilinganisha. Mtoto wa kike wa karne ya 16 alikuwa sehemu ya mtambo uliotoa Biblia ya mfalme. Wanaopita mbele ya majalada hayo huonyeshwa zaidi nembo ya mfalme, nami ningependa jina la binti huyo litajwe nayo.

Mfalme alitoa fedha kwa njia ya mkopo wa kulipwa kwa nakala, na hazikutosha. Gharama kubwa katika kitabu cha wakati ule haikuwa wafanyakazi. Ilikuwa karatasi, iliyomeza zaidi ya nusu ya matumizi, na ilitakiwa kulipiwa miezi au miaka kabla nakala ya kwanza haijauzwa. Zaidi ya hapo, Roma ilichelewa kutoa kibali, na Hispania kulikuwa na wanazuoni walioishtaki Biblia hiyo mbele ya mahakama ya imani. Plantin alibaki na madeni.

Fidia alipewa kwa njia nyingine, na ndiyo iliyobeba nyumba hii kwa karne mbili. Baada ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa karne ya 16, Kanisa Katoliki lilitoa misale (kitabu cha ibada ya misa) na breviari (kitabu cha sala za kila siku za mapadre) mpya zilizopaswa kutumika kila mahali. Plantin akapata haki ya pekee ya kuvichapa vitabu hivyo kwa ajili ya Hispania na makoloni yake. Watawa wa monasteri ya Escorial, karibu na Madrid, ndio waliosimamia uuzaji. Kila padre katika himaya ile, kutoka Sevilla hadi Mexico na Lima, alihitaji kitabu cha sala, na kitabu hicho kilitoka Antwerp.

Imani yake ilikuwa ipi?

Hapa wasomaji wengi hukwama. Mtu huyu alipewa na mfalme wa Kikatoliki cheo cha kuwa msimamizi mkuu wa wachapaji wote wa eneo, aliyepaswa kuwakagua wenzake kabla ya kupewa leseni. Alichapa pia orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Wakati huohuo, yeye mwenyewe alikuwa karibu na kundi la siri lililoitwa Nyumba ya Upendo, lililofundisha kwamba dini ya kweli ni ya moyoni na taratibu za nje si kitu, na inaaminika alichapa maandishi ya kiongozi wake. Miji ilipoasi dhidi ya Hispania, akawa mchapaji rasmi wa baraza la waasi. Mwaka 1583 akahamia Leiden, mji wa Kiprotestanti, akawa mchapaji wa chuo kikuu kipya cha huko. Ni katika miaka hiyo, mwaka 1585, matbaa yake ya Leiden ilipotoa kijitabu cha Simon Stevin kilichowafundisha wafanyabiashara na wapimaji ardhi kutumia desimali. Antwerp iliporudi mikononi mwa Hispania mwaka huohuo, naye akarudi, akazikwa katika kanisa kuu la mji mwaka 1589.

Kumwita mnafiki ni kumhukumu kabla ya kujua alichokuwa akikabiliana nacho. Novemba 1576 askari wa Hispania wasiolipwa mishahara waliivamia Antwerp wakaua na kupora kwa siku kadhaa. Plantin aliandika kwamba alilipa fidia mara tisa ili mali yake isichomwe. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa na mashine 16 zikifanya kazi. Baada ya uvamizi zilibaki chache tu. Mchapaji wa wakati ule asiyechapa kwa ajili ya aliyeshika mji hakuchapa kabisa, na mafundi wake walikosa chakula. Imani yake ya moyoni, isiyofungwa na upande wowote wa nje, inaeleza kwa kiasi fulani ni vipi aliweza kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kujiona amesaliti.

Herufi inavyozaliwa

Thamani ya makumbusho haya haieleweki bila kujua herufi ya risasi ilitoka wapi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Fundi alichukua kipande cha chuma cha pua chenye urefu wa kidole. Kwenye ncha yake alichonga herufi moja, ikiwa imegeuzwa, kwa tupa na patasi ndogo, katika ukubwa uleule utakaoonekana kwenye karatasi. Huo ndio muhuri. Kisha aliukaza kwa moto na kuugongea kwenye kipande cha shaba, ambayo ni laini kuliko chuma. Shaba ikabaki na shimo lenye umbo la herufi, na hiyo ndiyo kalibu. Kalibu ilifungwa chini ya kifaa kidogo cha kushikwa mkononi, mmiminaji akamwagia mchanganyiko moto wa risasi, bati na antimoni, akakitikisa kwa ghafla ili uingie kila pembe, akakifungua, na herufi moja ikadondoka. Kisha nyingine, maelfu kwa maelfu. Chumba cha kumiminia kipo hadi leo, ghorofani, na meko yake.

Muhuri mmoja ulihitaji kazi ya siku nzima au zaidi ya mkono stadi, na seti kamili ina herufi kubwa, ndogo, zenye alama, nambari na nukta. Kwa hiyo muhuri ndio uliokuwa mali halisi. Herufi za risasi zilikuwa mazao tu. Plantin alilijua hilo, akanunua kwa bidii: mihuri na kalibu za Claude Garamond, Mfaransa aliyefariki mwaka 1561, za Robert Granjon, na za Hendrik van den Keere wa Ghent. Wenzake wengi walinunua herufi zilizokwisha kumiminwa. Yeye alinunua asili. Makumbusho yana mihuri kama 4,500 na kalibu zaidi ya 15,000. Kwa kuwa Plantin na waliomfuata waliandika orodha za vifaa vyao mara kwa mara, wataalamu wa karne ya 20 waliweza kushika orodha mkononi na kutambua mihuri mingi ilichongwa na nani.

Herufi hizo zilipangwa mstari kwa mstari na mtu aliyesimama mbele ya kasha lenye visanduku vingi, akisoma hati huku vidole vikijua njia vyenyewe. Kurasa zikafungwa pamoja kwenye fremu ya chuma na kupelekwa mashineni, ambapo walifanya kazi watu wawili. Mmoja alipaka wino, uliotokana na mafuta ya kitani na masizi, kwa mipira miwili ya ngozi. Mwingine aliweka karatasi iliyoloweshwa kidogo na kuvuta mkono wa mashine. Bamba la kukandamiza lilifunika nusu tu ya karatasi, hivyo upande mmoja ulivutwa mara mbili. Kwa Plantin mashine moja ilitarajiwa kutoa karatasi kama 1,250 kwa siku, pande zote mbili. Hiyo ni mivuto 5,000, kwa mkono uleule, tangu alfajiri hadi jioni. Misale zilikuwa na mzigo zaidi, kwa sababu maelekezo yake huchapwa kwa wino mwekundu na maneno ya sala kwa mweusi, na karatasi ikapita mashineni mara mbili kwa upande mmoja. Kazi ilipokwisha, herufi zilioshwa kwa maji ya jivu, zikarudishwa moja moja kwenye visanduku vyake.

Pembeni, katika chumba chenye meza nzito za mwaloni na madirisha makubwa, walikaa wasahihishaji. Mmoja wao, Cornelis Kiliaan, alifanya kazi katika nyumba hii karibu miaka 50, na kwa muda aliojiibia akatunga kamusi ya Kiholanzi ambayo toleo lake la mwaka 1599 bado linaheshimiwa na wanaisimu.

Wosia

Plantin hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha mabinti watano, waume zao, na matbaa yenye thamani kubwa. Huu ndio wakati ambapo matbaa nyingi hufa. Kati ya wakwe zake alimchagua mmoja: Jan Moretus, mume wa Martina, aliyeingia kazini akiwa kijana na kujua kila kona ya biashara. Wosia ulimpendelea waziwazi, na warithi wengine wakanung'unika. Jan alikubali kutoa sehemu kwa ajili ya amani. Raphelengius akabaki na tawi la Leiden, na matbaa ya Antwerp ikabaki kwa Jan na Martina.

Lililofuata ni la maana zaidi. Jan alipofariki mwaka 1610, wosia wake na Martina uliagiza kwamba matbaa isigawanywe. Ilipaswa kwenda, na vifaa vyake vyote, kwa mtoto aliye na uwezo zaidi wa kuiendesha, na wengine walipwe haki zao kwa mali nyingine. Warithi waliofuata walirudia sharti hilo kizazi hadi kizazi. Msomaji wa pwani atafikiria wakfu, mali inayozuiwa isiuzwe wala isigawanywe ili manufaa yake yaendelee. Tofauti ni kwamba hapa mrithi alikuwa mmiliki kamili, naye angeweza kukaidi. Hawakukaidi.

Mara kadhaa mtu mwenye uwezo zaidi alikuwa mwanamke. Anna Maria de Neuf, mjane wa Balthasar III wa ukoo wa Moretus, aliongoza matbaa tangu mwaka 1696 hadi kifo chake mwaka 1714. Maria Theresia Borrekens, mjane mwingine, aliishika kuanzia mwaka 1768 hadi karibu mwisho wa karne, akaivusha katika miaka migumu kuliko yote. Kuiita hii nyumba ya baba na wana ni kusahau nani aliyeishikilia.

Kati ya warithi aliyeng'ara ni Balthasar I, mwana wa Jan, aliyezaliwa na upande wa kulia uliopooza na akaendesha kazi kwa kalamu ya mkono wa kushoto. Alikuwa rafiki wa utotoni wa mchoraji Peter Paul Rubens. Rubens alichora picha za wanafamilia na kubuni kurasa za mbele za vitabu vyao. Balthasar alikuwa akimwarifu miezi sita kabla, ili achore siku za mapumziko, maana bei ya Rubens kwa siku za kazi haikubebeka na kitabu chochote. Ni Balthasar pia aliyeipanua nyumba, akajenga ua wa ndani na maktaba kubwa.

Kudumaa kulikookoa

Kuanzia katikati ya karne ya 17 matbaa ilichapa zaidi na zaidi kitu kilekile: misale, breviari na vitabu vya sala kwa ajili ya Hispania. Chini ya Plantin ilikuwa imetoa vitabu vya mimea vya Dodoens na Clusius, picha za anatomia, kamusi, na kuanzia mwaka 1579 atlasi ya Abraham Ortelius, ambayo ramani yake ya Afrika inaonyesha Malindi, Mombasa na Kilwa. Sasa yote hayo yalipungua. Mwanahistoria wa sayansi ataona huu ni mporomoko, na kwa upande wa elimu ulikuwa hivyo kweli.

Lakini angalia matokeo yake kwa vifaa. Mteja wa misale hataki herufi mpya. Anataka kitabu kinachofanana na cha babu yake. Matbaa za London na Paris, zilizoshindania wasomaji wa magazeti na riwaya, zilifuata mitindo, zikayeyusha za zamani, zikanunua mpya. Moretus hawakuhitaji. Wakati huohuo faida ya misale iliwekezwa katika mashamba, majumba na hisa. Mwaka 1692 Balthasar III alipewa hadhi ya ukabaila, pamoja na ruhusa ya kuendelea kuchapa, kazi ambayo kwa desturi mtu wa tabaka hilo asingeifanya. Walikuwa matajiri wenye matbaa kuliko wachapaji wenye mali.

Kwa hiyo Mfalme Charles III wa Hispania alipoifuta haki yao mwaka 1764 ili kulinda wachapaji wa nchini mwake, biashara ilivunjika mgongo, lakini familia haikufilisika. Mdai hakubisha hodi. Jeshi la Ufaransa lilipoingia mwaka 1794 na monasteri zikafungwa, soko lililobaki nalo likayeyuka, na bado hakuna aliyelazimika kuuza kalibu hata moja ili apate kula. Mashine za chuma zilienea Ulaya, zikafuata za mvuke, na ndani ya nyumba ya Moretus zile za mbao ziliendelea kusimama mahali pake kwa sababu kazi ilikuwa kidogo na nafasi ilikuwepo. Kitabu cha mwisho, cha sala za watawa wa Mtakatifu Fransisko, kilichapwa mwaka 1866.

Hapo ndipo mtazamo wa kihistoria unapoingia hasa. Edward Moretus, aliyekuwa mmiliki wakati huo, alijua alichokuwa nacho. Angeweza kuuza vipande vipande: maktaba yenye Biblia ya mistari 36 kwa safu, iliyochapwa kwa herufi za Gutenberg, peke yake ingewavuta wanunuzi wa London, na picha za Rubens vilevile. Badala yake, mwaka 1876 aliiuza nyumba na vyote vilivyomo kwa jiji la Antwerp, serikali ya Ubelgiji ikichangia, kwa faranga milioni 1.2. Makumbusho yalifunguliwa Agosti 19, 1877, mwaka ambao jiji lilikuwa likisherehekea miaka 300 tangu kuzaliwa Rubens.

Makumbusho na herufi zilizotoka humo

Tarehe 2 Januari 1945 kombora la V-2 la Wajerumani lilianguka kwenye uwanja wa Vrijdagmarkt, mbele ya mlango. Nyumba iliharibika vibaya, lakini hazina zake zilikuwa zimehifadhiwa salama. Matengenezo yaliendelea hadi mwaka 1951. Mwaka 2005 Unesco iliiingiza nyumba, karakana na makumbusho kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Kilichotambuliwa ni mkusanyiko wote kwa pamoja: duka lenye kaunta yake, chumba cha wasahihishaji, chumba cha mashine, chumba cha kumiminia, maktaba, na karatasi zinazoeleza nani alilipwa nini. Matbaa ya kale yenye mashine bila hesabu zake ingekuwa na mbao tu, na yenye hesabu bila mashine ingekuwa na maneno tu.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, kuna uzi mmoja unaofika hadi mezani pake. Mwaka 1913 kampuni ya Monotype ya Uingereza ilitoa herufi ikaiita Plantin, iliyochorwa kwa kufuata sampuli kutoka makumbusho haya, sampuli ambayo asili yake ni mkono wa Robert Granjon. Baadaye gazeti la The Times la London lilipotaka herufi mpya, wachoraji walianza na hiyo Plantin, wakaibana na kuikaza, na Oktoba 1932 gazeti likatoka na Times New Roman. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayeambiwa aandike tasnifu yake kwa Times New Roman, ukubwa wa 12, anatumia kizazi cha mbali cha muhuri wa karne ya 16. Vivyo hivyo, mchoraji wa herufi wa Adobe, kampuni ya programu za kompyuta, alikwenda Antwerp mwishoni mwa miaka ya 1980 kuchunguza kazi ya Garamond kabla ya kutoa Garamond ya kompyuta mwaka 1989.

Anayekwenda huko atafute kwanza nembo ya nyumba, bikari ya dhahabu na maneno Labore et Constantia, kazi na uthabiti: mguu mmoja wa bikari unazunguka, mwingine umekaa pale ulipochomekwa. Aende Ijumaa asubuhi akiweza, kwa sababu uwanja wa mbele bado hupigwa mnada wa vitu vilivyotumika. Ndani, aombe kuona utenzi mfupi wa Plantin kuhusu furaha ya maisha ya nyumbani ukichapwa kwa mkono, na aangalie hasa mtu anayevuta: uzito wote uko mguuni na mgongoni. Kisha apande hadi chumba cha kumiminia, ambacho watalii wengi hupita haraka wakielekea maktaba, na akae nacho.